Shule zikifungwa kwa theluji, tokeni nje na watoto

Wazazi wenzangu mlioko huku Buffalo, jimbo la New York, Marekani, na kwingineko kwenye baridi kama yetu, nina ombi moja. Shule zikifungwa kwa sababu ya theluji, msishinde ndani mkingoja siku iishe. Tokeni na watoto.

Mimi siku hiyo naijua tangu utotoni. Nilifika hapa mdogo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, na wenzangu darasani ndio walionifundisha namna ya kuiomba theluji: unavaa nguo za kulalia umezigeuza, unaweka kijiko chini ya mto, unalala. Asubuhi tulikaa mbele ya televisheni majina ya shule zilizofungwa yakipita chini ya skrini, moja baada ya jingine, mpaka letu litokee. Lo, kelele zake! Buti hatukuwa nazo. Mama alituvisha soksi mbili mbili, akafunga mfuko wa nailoni juu yake, ndipo tukavaa viatu. Tuliteleza kilimani juu ya vipande vya maboksi hadi vikalowa na kuchanika.

Ukubwani siku hiyohiyo inakuja na koleo la theluji, bosi na bili. Anayelipwa kwa saa asipofika kazini hana chake, na uchungu huo naujua. Ila watoto hawahitaji siku nzima. Saa moja ya baba au mama akiwa nao kwenye theluji inawatosha. Ili niipate saa hiyo, najipanga tangu jioni: maziwa na mkate vipo, simu imechajiwa, koleo liko ndani karibu na mlango. Alfajiri nasafisha njia kabla theluji haijashindiliwa na kuwa nzito. Isukume kuliko kuinyanyua, na mwenye matatizo ya moyo amwachie mwingine kazi hiyo.

Theluji yetu nyingi inatoka Ziwa Erie. Upepo wa baridi kali ukipita juu ya maji ambayo bado yana joto la vuli, huzoa mvuke na kutumwagia sisi. Ndiyo maana Novemba na Desemba, ziwa likiwa halijaganda, tunakaa macho. Wingu lenyewe ni mkanda mwembamba: mtaa mmoja unafukiwa, wa pili una jua. Novemba 2022 Orchard Park, mji jirani na Buffalo, ilipata theluji ya karibu mita 2. Desemba ya mwaka huohuo dhoruba iliua zaidi ya watu 40 katika eneo letu, baadhi yao wakiwa wamekwama ndani ya magari. Kwa hiyo ikitangazwa marufuku ya kuendesha gari, na upepo unavuma hata nyumba ya jirani huioni, hakuna kutoka. Mchezo ni wa baada ya upepo kutulia.

Ukitulia, iguse theluji kwanza. Ya karibu na nyuzi 0 inashikamana. Hiyo ni ya kufinyanga mipira na sanamu. Ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni kavu, inamwagika vidoleni, na ndiyo tamu kwa kuteleza. Barabara zikishafunguliwa, wapelekeni bustani ya Chestnut Ridge, kilima chake hakina mfano. Jinzi ziacheni nyumbani: pamba ikilowa inaganda mwilini. Soksi ziwe za sufu, na glavu jozi mbili kwa kila mtoto, maana ya kwanza haikawii kulowa. Msiwaruhusu kuchimba mapango kwenye marundo ya kando ya barabara. Dereva wa gari la kusukuma theluji hawezi kumwona mtoto aliye ndani.

Nanyi telezeni. Msisimame chini ya kilima mikono mfukoni mkipiga picha. Mara ya kwanza niliposhuka na binti yangu mapajani alicheka hadi akashindwa kusema, na tangu hapo hanikubalii nibaki pembeni.

Chai ya tangawizi ichemsheni kabla ya kutoka, muiache kwenye chupa. Mkirudi, hakuna atakayekuwa na subira ya kungoja maji yachemke.