Mwenye mizani ni Aequitas au Moneta?

Swali: Nina sarafu mbili za shaba za Kirumi, zinalingana ukubwa. Moja ina kichwa cha Kaisari Titus (COS VIII), nyingine cha mdogo wake Domitian (COS XII), wote wamevaa taji la majani. Nyuma ya zote amesimama mwanamke yuleyule, ameshika mizani na pembe ya neema. Ila ya Titus imeandikwa AEQVITAS AVGVST na ya Domitian MONETA AVGVST. Huyu ni nani hasa? Na je, nizisugue hiyo kutu ya kijani?

Jibu: Ungetazama picha tu ungepotea, kwa hiyo nimefurahi kwamba umeanza na maandishi. Kwenye sarafu za Kirumi jina ndilo linaloamua.

Aequitas ni uadilifu wa kupima na kugawa: kila mtu apate chake bila kupunjwa. Wengi humwita mungu wa haki, lakini haki ya mahakamani ilikuwa Iustitia, naye alichorwa kivingine. Warumi waliipa kila sifa umbo la mtu na kitu cha kumtambulisha. Pietas hujifunika kichwa penye madhabahu, Spes hushika ua huku akiinua pindo la vazi, Libertas hubeba kofia ya mtumwa aliyeachwa huru. Neno AVGVST ndilo lenye siasa: linasema uadilifu huo ni wa Kaisari mwenyewe.

Moneta asili yake ni jina la sifa la mungu Juno. Kiwanda cha kufulia sarafu kilikuwa karibu na hekalu lake kwenye kilima cha Capitolino, na jina likahamia kwenye kazi yenyewe. Kwa hiyo Domitian alichukua umbo la mwanamke wa sarafu ya kaka yake akalibana kwenye jambo moja: mizani sasa inapima madini ya sarafu.

Hapo tarehe zinasaidia. COS ni idadi ya mara ambazo Kaisari amekuwa konsuli, cheo cha juu cha uongozi Roma. Ya Titus ni ya mwaka 80 au 81, ya Domitian ni ya 86. Domitian aliongeza usafi wa fedha katika dinari, sarafu ya fedha ya Kirumi, mwaka 82, akaupunguza mwaka 85, ingawa ulibaki juu ya ule wa baba yao Vespasian. Sarafu yako basi inaahidi kipimo cha haki mwaka mmoja baada ya punguzo hilo. Kwangu hiyo ndiyo inayoipa thamani, hata kama imechakaa.

Kwa kuwa vichwa vina taji la majani, zote ni as, sarafu ya thamani ndogo, za shaba nyekundu. Dupondius, ya shaba ya njano na yenye thamani mara mbili, kwa kawaida ingekuwa na taji la miale. As ilikuwa pesa ya mkononi hasa: ukuta mmoja wa kilabu katika mji wa Kirumi wa Pompeii uliwatangazia wateja kinywaji kwa as moja. Ahadi ya mizani iliwafikia hata wanywaji wa namna hiyo.

Kuhusu kusugua, tafadhali usiguse. Ile kijani ngumu yenye uso laini inailinda sarafu, na herufi zako zimo humo. Cha kuogopa ni vumbi la kijani mpauko linalorudi hata ukilipangusa. Ukiliona, itenge sarafu hiyo na mwenzake, iweke pakavu, uipeleke kwa mhifadhi wa makumbusho.