Si lazima ujigambe na Ukenya wako

Ndugu yangu, unasema wenzako wanakuita msaliti kwa kuwa huoni cha kujivunia katika Ukenya. Hukuuchagua, ulizaliwa nao tu. Hapo nakuunga mkono. Lakini watazame Wamakonde wa huku kwetu Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakazikana, na miaka yote hiyo hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, hufungui akaunti benki, hupigi kura. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu hadi Ikulu, Nairobi, na hatimaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Jirani yetu, mzee mchonga vinyago, kitambulisho chake hukifunga kwenye pindo la leso ya mkewe. Akikitoa, hukipangusa kwanza.

Fahari ya mzee huyu naiheshimu mno, maana haimdharau mtu. Ile ya kumwita jirani "mgeni" siitaki kabisa. Kwa hiyo usijilazimishe. Jiulize tu: wakikunyang'anya kitambulisho kesho, utaumia wapi? Anzia hapo unapozungumza na wenzako.