Kupima mlango wa kizazi chuoni ukiwa na miaka 20

Mdogo wangu, umeuliza kama uingie kwenye hema la wiki ya afya ya wanawake chuoni kwenu kupima saratani ya mlango wa kizazi, maana wenzako wanasema ni kwa walioolewa tu. Ndoa haihusiki. Kinachoangaliwa ni umri na kama umeshaanza kujamiiana, kwa sababu karibu saratani zote za hapo husababishwa na kirusi cha HPV, na hicho huambukizwa kwa ngono. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza kupima ukiwa na miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Kwa hiyo wewe huna haraka.

Hicho kipimo kinachowatisha watu ni siki tu: muuguzi anafungua njia, anapaka siki, anasubiri dakika moja hivi aone kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Kinakera kidogo, na bikira hakitoi.. kwa asiyewahi kujamiiana hakifanywi kwa kawaida.

Ila hemani nenda! Uliza kuhusu uzazi wa mpango, maumivu makali ya hedhi, uvimbe kwenye titi. Haya ndiyo ya umri wako, na wengi hupita wakiona aibu. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa hiyo muulize mama kama ulichomwa shuleni. Ukitokwa damu baada ya tendo, usingoje hema wala miaka 30, nenda hospitali.