Toki konveta isipozama, usiguse bolti

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza seti ya klachi za gia boksi ya otomatiki ya Toyota IST inapatikana wapi, oili iingie lita ngapi, na kama valvu bodi (kile kipande chenye njia na valvu za kugawa oili) nayo ifunguliwe. Lakini mwishoni umeandika kwamba gia boksi imegoma kukutana na injini, umebaki upenyo wa kidole, na kesho fundi anakuja kuivuta kwa bolti. Usikubali! Upenyo huo ni dalili kwamba toki konveta, lile bakuli la chuma lenye oili linalopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi, haijazama mahali pake.

Mimi nilifanya hivyo hivyo 2019, IST yangu, chini ya mwembe nyumbani. Wiki tatu za kazi safi ya kufumua gia boksi: pleti za klachi nimeziloweka saa nzima kwenye oili mpya, sili zote mpya, kila springi kwenye sinia yake. Wakati wa kurudisha, ukabaki upenyo kama sentimita moja. Fundi niliyemlipa anisaidie akasema, "Kaza tu kaka, bolti zitaivuta zenyewe." Nikakaza. Ilipokuwa nzito nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana. Ikalia ka! kama mfupa. Akasema, "Umeona? Imeingia."

Ilikuwa imevunjika. Shingo ya toki konveta ina makato mawili ambayo lazima yashike gia ya ndani ya pampu ya oili. Yasiposhika, ncha ya shingo inaikandamiza ile gia, na kila bolti unayokaza inazidi kuiponda. Nilipowasha, pampu ikalia kama msumeno; naweka D, gari halijongei, maana bila pampu hakuna presha ya kubana klachi hata moja. Tuliposhusha tena, gia ya pampu ilikuwa vipande viwili na chenga za chuma zimefika mpaka kwenye valvu bodi. Nikaishia kununua gia boksi ya mtumba kule Gerezani, Dar es Salaam, laki saba, na yule fundi simu hapokei. Mpaka leo naumia. Kama hujui, sema hujui, usimkazishe mwenzio bolti!

Sasa ishushe hiyo gia boksi leo. Mimina kama lita moja ya oili ndani ya konveta. Ishike kwa mikono miwili, izungushe taratibu huku ukiisukuma. Itazama kwa hatua: ko, kisha ko, kisha ko ya tatu. Wengi huishia ya pili wakadhani wamemaliza. Halafu laza rula ya chuma kwenye mdomo wa gia boksi: matundu ya bolti za konveta yawe ndani zaidi ya ukingo. Gia boksi ikutane na injini kwa mikono mitupu, na ikishakutana, konveta izunguke kwa vidole, ikiwa imeachana milimita chache na ile sahani ya injini inayofungwa nayo kwa bolti. Haizunguki? Shusha tena, hata mara kumi.

Oili utapima kwa stiki ya gia boksi, injini ikiwa ya moto na inaunguruma kwenye P. Hayo mengine yatasubiri. Nitumie picha ya hiyo rula kabla hujakaza chochote.