Hita ya gesi inapiga cheche lakini haiwaki: kaangalie tenki kabla ya kununua bodi

Dada, nimekusoma vizuri. Upo Arusha, hita ya maji ya gesi ya lita 6 mliifunga mwaka jana, asubuhi inawaka, jioni inagoma, siku nyingine inapiga cheche tak-tak-tak na haishiki, na fundi kasema bodi, yaani kile kifaa cha umeme kinachoongoza cheche na gesi, imekufa, utoe hela ya nyingine. Usimpe hela bado. Mimi nipo Njombe, nina hita ya aina hiyo hiyo mwaka wa sita sasa, na ugonjwa huo ulinisumbua msimu mzima wa baridi. Bodi yangu ni ile ile niliyonunua nayo.

Ila kuna jambo umeligusia mara moja tu ukapita: kwamba imefungwa ndani ya bafu. Hilo limenitia hofu kuliko kugoma kwake.

Mdogo wangu alikuja kututembelea mwezi wa saba. Baridi ya huku mnaisikia. Akaingia kuoga, akafunga dirisha, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga. Siku hiyo hita iliwaka vizuri kabisa, moto wa bluu. Tukasikia kishindo. Tulipovunja mlango tulimkuta chini, maji ya moto yanaendelea kumwagika, tunamwita haitiki. Tulimburuta hadi uwanjani, akaanza kupumua vizuri, hospitali wakamweka kwenye oksijeni, akapona. Moto ule unakula hewa ya chumba, na hewa ikipungua unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ile harufu kali tunayoijua ni ya gesi ya mtungini, hutiwa makusudi ili ikivuja tujue. Sumu hii haikupi dalili hiyo. Kesho yake nilitoa hita bafuni nikaifunga ukuta wa nje, chini ya paa, bomba la maji ya moto likapitishwa ukutani. Nakuomba nawe uihamishe kwanza. Mpaka hapo iache igome, ogeni maji ya kuchemsha.

Sasa kuhusu kugoma. Hita hizi hazina swichi ya kuwashia, zinaamshwa na maji. Ukifungua bomba, maji yanasukuma kiwambo cha mpira ndani ya hita, kiwambo kinasukuma kipini, kipini kinabonyeza swichi ndogo. Hapo bodi inapata umeme wa betri, inapiga cheche na kufungua vali ya gesi kwa wakati mmoja. Moto ukishika, kijiti cha chuma kilichokaa juu ya vichomeo kinauhisi na kuiambia bodi iache vali wazi. Kisipouhisi ndani ya sekunde chache, bodi inafunga gesi. Kwa hiyo fungua maji, kaa kimya, sikiliza inaishia wapi.

Kama hakuna mlio wowote, hata cheche moja, ni maji au betri. Na hiyo ya asubuhi kuwaka, jioni kugoma, kwangu ilikuwa maji. Kwenye kibandiko cha hita yangu pameandikwa presha ya chini kabisa ni 0.025 MPa, ambayo ni sawa na maji yenye kimo cha mita 2.5 hivi juu ya hita. Tenki langu la lita 1,000 lilikuwa juu ya mnara wa mita 3, nikaona inatosha. Nilichosahau ni kwamba hita yenyewe imening'inia ukutani mita moja na nusu kutoka chini. Inabaki mita moja na nusu, ongeza kimo cha maji yaliyomo tenkini. Asubuhi tenki limejaa usiku kucha, inapita kwa taabu. Jioni watu wameshafua na kuosha vyombo, maji yako nusu, kiwambo hakipati nguvu ya kusukuma kipini. Hicho ndicho nilichohangaika nacho miezi mitatu nikilaumu umeme.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua ndoo ya lita 10, fungua maji ya shawa kwenye ndoo, angalia saa. Hita ndogo nyingi zinataka lita 2.5 hadi 3 kwa dakika, kwa hiyo ndoo ikichukua zaidi ya dakika 4 kujaa, usitafute mchawi mwingine. Kisha fungua kichwa cha shawa ukitoe, ujaribu tena. Ikiwaka bila kichwa, basi vitundu vimezibwa na chokaa, loweka kwenye siki usiku mmoja. Angalia pia chujio dogo pale maji baridi yanapoingilia hita. Langu nilikuta limejaa mchanga na utando wa kijani wa tenki. Baada ya kusafisha bado jioni ilikuwa inasita, nikaongeza mnara mita moja na nusu, ikaisha.

Cheche zikipiga lakini polepole, tak… tak… tak, kwa sauti ya uchovu, au zikapiga vizuri na husikii ule mkwaruzo mfupi wa vali kufunguka, badilisha betri. Ni zile mbili kubwa za redio, volti 1.5 kila moja. Watu wanadanganyika hapa: kwenye tochi bado zinawaka, wanaona nzima. Vali inataka umeme mwingi kwa mpigo kuliko cheche, betri iliyochoka inapiga cheche na kushindwa kuvuta vali. Nunua za alikali. Zile za bei ya chini kwenye baridi hii hazinifikishi hata miezi miwili. Na ufute kutu ya kijani kwenye vishikio vyake.

Cheche zikiwa kali, vali inafunguka, moto hakuna, hapo ndipo uende kwenye gesi. Kama umebadilisha mtungi leo, mpira una hewa, fungua na kufunga maji mara tano sita. Halafu huo mtungi ni wa kilo ngapi? Hita ya lita 6 ikifunguliwa yote inakula karibu kilo 1 kwa saa, mara nne ya plati moja kubwa ya jiko. Mtungi wa kilo 6 haugeuzi gesi kuwa mvuke kwa kasi hiyo asubuhi ya baridi. Utaona umefunika jasho, kisha barafu nyembamba kuanzia usawa wa gesi kwenda chini, na moto unafifia mpaka unazima. Mimi nilihamia wa kilo 15. Usiumwagie maji yanayochemka, wala usiusogeze karibu na mkaa. Na mtu asikushauri uweke regyuleta ya majiko makubwa ya hotelini ili "gesi iwe na nguvu". Hita inataka ile ya kawaida ya jiko la nyumbani.

Ikiwaka sekunde chache na kuzima, mara nyingi kile kijiti kina masizi. Mwambie fundi akisugue kwa msasa laini gesi ikiwa imefungwa. Ikizima kila baada ya dakika 20 kamili, hita nyingi zimewekewa saa hiyo makusudi, funga maji ufungue tena.

Kuna moja usiivumilie hata siku moja: ikichelewa kushika, halafu inawaka kwa kishindo, puu! Gesi imejikusanya kabla ya cheche kuifikia. Funga mtungi, usichungulie kwenye kidirisha chake, mwite fundi afungue vichomeo. Kwangu buibui alikuwa ameweka utando ndani ya kichomeo kimoja.

Tupe majibu haya hapa tuendelee: kimo cha mnara wa tenki, kimo cha hita, ndoo ya lita 10 inajaa kwa dakika ngapi asubuhi na jioni, na mtungi wa kilo ngapi. Na uniambie mmeihamisha lini.