Jibu: Pumu ya muda mrefu, misuli kukakamaa na moyo kwenda mbio

Habari dada, pole sana. Unasema pumu unayo miaka mingi, na sasa misuli ya miguu inakakamaa usiku, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio, ingawa kifua kimetulia.

Yalinikuta hayo hayo. Anza kwa kuhesabu: kwa siku unavuta salbutamoli, ile dawa ya kupanua njia za hewa, mara ngapi? Dawa hiyo huisukuma potasiamu, madini yanayosaidia misuli na moyo kufanya kazi, itoke kwenye damu iingie ndani ya seli, na vidonge vya prednisoloni, dawa ya steroidi ya pumu, huipoteza kwa njia ya mkojo. Mimi nilikuwa navuta ovyo, hadi nikishika kikombe maji yanamwagika. Kupimwa, potasiamu 3.1, kawaida ni 3.5 hadi 5.0 hivi. Omba wapime na magnesiamu, madini mengine, maana hiyo ikiwa chini potasiamu haipandi vizuri hata ukipewa vidonge. Hapo ndipo nilipokwama wiki kadhaa.

Tafadhali usijinunulie potasiamu kabla ya kipimo. Ikizidi nayo huvuruga moyo, hasa figo zikiwa na shida. Wala usikatize prednisoloni ghafla. Kutetemeka huweza kuletwa na salbutamoli yenyewe, kwa hiyo siwezi kukuamulia kwa mbali. Ila mapigo yakianza kurukaruka au miguu ikiishiwa nguvu, nenda hospitali leo hii.