Mama anaishi peke yake Mwanza: jinsi sisi majirani tulivyojipanga kuwaangalia wazee

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mama yako ana miaka 78, anaishi peke yake kule Mabatini katika nyumba iliyo juu kwenye mawe, na kila mnapomwomba ahamie kwenu Dar es Salaam anajibu kwamba hataiacha nyumba aliyoijenga na marehemu baba yenu. Umeuliza kama kweli majirani wa kujitolea wanaweza kumtunza. Nakujibu kwa niliyoyaona kwa miaka sita mtaani kwetu, upande wa Igogo, ambako niko katika kundi la majirani tisa tunaowaangalia wazee watano.

Inawezekana, ila msitegemee huruma peke yake. Huruma haijawahi kukosekana mtaani kwetu. Kilichokosekana ni mtu anayejua kwamba leo ni zamu yake. Kabla hatujajipanga, mzee mmoja aliteleza usiku akienda chooni, akalala chini hadi alasiri ya siku iliyofuata. Nyumba zote zinazomzunguka zilikuwa na watu, na kila mmoja alidhani mwenzake amemwona asubuhi. Alipona, lakini hajatembea tena bila mkongojo, na tangu siku hiyo kauli ya kwamba "sisi huku tunaangaliana" hainitoshi.

Tulianza na daftari. Linashikwa na dada mmoja mshonaji ambaye cherehani yake iko barazani kutwa nzima, kwa hiyo hahitaji kutafutwa. Limeandikwa nani atabisha hodi kwa mzee yupi saa moja na nusu asubuhi, nani atapandisha maji, nani atamsindikiza kliniki, na kila kazi ni ndogo. Hodi ya asubuhi haizidi dakika kumi. Awali tulimkabidhi kila mzee kwa mtu mmoja wa kumfanyia yote. Kufikia mwezi wa pili wale watu walikuwa wamechoka, wakaona aibu kusema, na mmoja akawa anazunguka njia nyingine ili asipite mlangoni kwa bibi aliyekabidhiwa.

Kosa letu jingine lilikuwa ishara ya kanga. Tulikubaliana kwamba mzee akiamka atundike kanga dirishani, na asiyetundika afuatwe haraka. Ilifanya kazi vizuri hadi tulipotambua kwamba mwenye nia mbaya naye anaweza kuisoma, kwa kuwa inamwonyesha ni nyumba zipi zina mzee anayeishi peke yake. Tukarudi kwenye hodi.

Kuhusu mlima, unajua mwenyewe zile ngazi za mawe zinavyoteleza mvua ikinyesha. Fundi wa kuchomelea alitufungia bomba la chuma la kushikia katika sehemu mbili zilizo mbaya zaidi, na vijana wa kijiwe cha bodaboda pale chini hupandisha madumu ya lita 20 siku ambazo maji hayafiki juu. Naamini lile bomba limetuepusha na mengi kuliko jambo lolote jingine tulilofanya.

Kwa matibabu, hakikisha mama ana kitambulisho cha matibabu ya wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanastahili kutibiwa bure katika vituo vya serikali. Ofisi ya mtaa ndipo pa kuanzia. Hata hivyo, kitambulisho hakiondoi haja ya msindikizaji. Katika kituo kimoja bibi mmoja aliandikiwa dawa za shinikizo la damu akanunue nje, akarudi nyumbani kimya bila dawa na bila kumwambia mtu, kwa sababu hakutaka kuonekana mzigo. Sasa anayemsindikiza mzee hurudi na cheti na kumwonyesha mshika daftari.

Fedha ndiyo iliyokaribia kutuvunja. Mtoto mmoja aliyeko mbali alikuwa anatuma fedha za dawa kwenye simu ya jirani, kukatokea maneno, na jirani aliyekuwa akifanya kazi kwa moyo akajitoa. Tangu hapo mtu wa kujitolea hapokei fedha ya mzee wala hatunzi namba yake ya siri: watoto hulipa duka la dawa moja kwa moja kwa simu, nasi tunachukua dawa na risiti. Naomba mlizingatie hili tangu siku ya kwanza, hata kama jirani huyo ni kama ndugu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapendi kuliandika. Huku kwetu Usukumani bibi wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Nyumba ambayo watu huingia na kutoka kila siku, watoto wakitumwa humo na kupewa uji, ni vigumu kuizushia mambo. Kwa hiyo ile hodi ya asubuhi ni ulinzi pia.

Kule Boston, Marekani, wazee wa eneo la Beacon Hill walianzisha mwaka 2002 mtandao wa namna hii, ambapo wanachama hulipa ada ya mwaka na kupiga simu sehemu moja wanapohitaji msaada. Hali yetu ni tofauti sana, lakini nimechukua kwao jambo moja: wazee wenyewe ndio waliouanzisha. Kwetu babu mmoja fundi mstaafu hufundisha watoto hesabu jioni, na bibi mwingine hutunza funguo za majirani. Tulipowageuza kuwa watu wa kupokea tu, walianza kutukatalia hata maji.

Pia nikuambie mpaka wetu. Mzee akianza kupotea njia usiku, au akihitaji kugeuzwa kitandani, majirani hawatoshi; itabidi mtu wa kulipwa alale pale, au mmoja wenu arudi. Tulichelewa kumwambia hivyo binti wa mzee mmoja, na bado linaniuma.

Ukija likizo, usianze kwa mwenyekiti wa mtaa wala balozi, japo ni lazima wajulishwe. Keti na mama, umwulize akutajie watu watatu ambao angewafungulia mlango saa nane za usiku. Waendee hao.